Lahaja za Mpakani: Je, Makundi Yetu ni Thabiti?

Mtafiti akikusanya orodha za maneno 100 ya msingi kutoka vijiji vya Busia na Tororo, kompyuta itamgawia makundi mara moja. Tatizo ni kwamba kompyuta haikatai kazi. Ukitaka makundi matatu itakupa, ukitaka matano itakupa vilevile, hata kama data haina makundi yoyote.

Tuseme anadai kwamba Kisamia cha Uganda ni lahaja mbali na Kisamia cha Kenya. Dai hilo si dogo, kwani linaweza kuamua watoto wa pande mbili wasome kitabu kimoja au viwili. Tunashauri apime uthabiti. Achague nusu ya maneno kwa bahati nasibu, aunde makundi, kisha arudie mara 100 kwa nusu nyingine. Vijiji vya Uganda vikikaa pamoja mara 96, dai lina msingi. Vikikaa mara 55, kinachoamua ni maneno yaliyochaguliwa, wala si lahaja.

Hata hivyo uthabiti hautoshi. Akiongeza Kiteso na Kidhopadhola na kuomba makundi mawili, Kibantu kitajitenga na Kinailoti karibu kila mara, jambo tulilolijua kabla ya kuwasha kompyuta! Tena maneno ya mkopo kama duka na sukari, yaliyovuka mpaka zamani, yataziunganisha lugha hizi kwa uthabiti usio wa kweli. Yaondolewe kwanza, ndipo hesabu ianze.