Watoto Wetu, Michezo ya Historia na Neno “Lau”

Na Mwandishi Wetu, Kibara

Sifa zote njema ni zake Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu wasomaji, katika likizo iliyopita tulimpokea nyumbani mpwa wetu, mwanafunzi wa chuo jijini Mwanza, aliyekuja na kompyuta yake mpakato. Haikupita wiki, baraza yetu ikawa na watoto wengi kuliko madrasa. Kila baada ya swala ya Alasiri walimzunguka, wengine wakiwa bado na juzuu mikononi. Siku moja tulikwenda kuchungulia tukiwa tumekwisha kuyapanga maneno ya kukemea, lakini tuliyoyaona yalituzuia. Kwenye kioo kulikuwa na ziwa kubwa, kandokando ya ziwa ipo dola ya Buganda, kiongozi wake ni Ibn Battuta, na Uingereza imekuja kuomba suluhu.

Ibn Battuta tunayemjua sisi alizaliwa Tanja, Morocco, mwaka 1304. Alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaswali na watu wake, akausifu ukarimu wa Sultani wa Kilwa, kisha akarejea Arabuni. Ziwa letu hili hakuliona. Lakini katika mchezo ule alikuwa anatawala kutoka ufuo wake, na watoto wa Kibara walikuwa wanamshangilia.

Ndipo mtoto mmoja wa miaka 11 akatugeukia na kuuliza: “Ustadhi, kama kwenye gemu tunashinda, mbona kwenye kweli tulishindwa? Mwenyezi Mungu hakutaka tushinde?”

Mzee mmoja wa kamati yetu ya msikiti, aliyekuwa amepita kutusalimu, alijibu haraka: “Zimeni hicho kitu. Maneno ya lau ni mlango wa shetani.” Kompyuta ikazimwa, watoto wakatawanyika. Sisi tulibaki na swali lile, kwa sababu mtoto alikuwa ameulizia imani yake, na alichopata ni kunyamazishwa.

Mchezo wenyewe ni upi?

Jina la mchezo ule ni Civilization. Wa kwanza ulitoka Marekani mwaka 1991, na toleo la saba lilitoka Februari 2025. Mchezaji hukabidhiwa taifa dogo la kale, akalijenga zamu kwa zamu: mashamba, masoko, majeshi, elimu na dini, hata likafikia zama za leo. Humo historia haifungwi na yaliyotokea. Katika toleo la saba, kiongozi wa nchi moja anaweza kuongoza taifa la nchi nyingine kabisa, na ndiyo maana msafiri wa Tanja akawa mtawala wa Buganda.

Si kila taifa letu limepewa heshima hiyo. Katika toleo la sita, Zanzibar imo kama mji mdogo wa pembeni ambao hakuna mchezaji anayeuongoza. Kazi yake ni kumpatia karafuu na mdalasini yule atakayefanikiwa kuuvuta upande wake. Watoto walipoelezwa hivyo walinung’unika, nasi hatukuwalaumu.

Upo mchezo mwingine wa namna hiyo, Europa Universalis, uliotengenezwa Sweden. Toleo lake la nne huanza mwaka 1444, na humo Kilwa ni dola kamili. Mpwa wetu alituambia kwamba mwenye kuishika Kilwa na kutaka kusalimika hana budi kuanza na jambo moja: kuiunganisha miji ya pwani kabla meli za Wareno hazijafika.

Kweli ilikuwa kinyume chake. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mombasa haikumwamini, lakini Malindi, iliyokuwa na uhasama na Mombasa, ilimpokea na kumpatia rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1502 Kilwa ililazimishwa kulipa kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliivamia Kilwa, na mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Wareno walikuwa na mizinga, hilo hatulikatai, lakini pia walikuta miji ya watu wa kibla kimoja ikioneana furaha kwa misiba.

Yaliyotokea kando ya ziwa letu

Hata hivyo watoto wetu ni wa ziwa, na swali lao lilihusu Buganda. Basi tuwaeleze wazazi yale ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni.

Uislamu uliingia katika kasri ya Buganda mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suna wa Pili, kupitia mfanyabiashara aliyeitwa Ahmed bin Ibrahim. Mwanawe, Kabaka Mutesa wa Kwanza, alijifunza Kiarabu, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuamrisha watu wake wafunge. Lakini hakukubali kutahiriwa. Mwaka 1876 vijana Waislamu wa kasri walipokataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake, aliamuru wauawe. Hao ni mashahidi walioitangulia dini katika ukanda huu, na ni watoto wachache wanaowasikia.

Mwanawe Mutesa, Kabaka Mwanga, alipinduliwa Septemba 1888 na Waislamu na Wakristo walioshirikiana. Mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo, kisha wakamsimamisha Kabaka Kalema, aliyesilimu. Kwa takriban mwaka mmoja, ng’ambo ya kaskazini ya maji haya tunayovulia dagaa, kulikuwa na mfalme Mwislamu katika ufalme wenye nguvu kuliko zote za ziwa. Oktoba 1889 aling’olewa, akarejea kwa muda mfupi, na mwanzoni mwa 1890 akashindwa moja kwa moja. Mwishoni mwa mwaka huo Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza akawasili Kampala, na mwaka 1894 Buganda ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Hapo ndipo mchezaji hubonyeza kitufe na kuibadili historia: huongeza bunduki, huongeza dhahabu, na Kalema hubaki. Lakini tulipofuatilia habari za Mwanga, tuliona kwamba mambo yaligeuka mahali ambapo hakuna kitufe.

Mwanga alipopinduliwa alikimbia kwa mtumbwi kuelekea kusini. Alifika Magu. Naam, Magu hii hii iliyo ng’ambo ya Ghuba ya Speke, tukisimama mwaloni hapa Kibara na kutazama kusini. Aliangukia mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu, watu wa dini yetu. Alikuwa mfalme aliyeanguka, mgeni na mkimbizi. Wakamzuia, wakamnyang’anya mali yake na kumtendea vibaya, hata akatoroka kwenda kwa mapadri wa Kikatoliki huko Bukumbi. Wao walimpa hifadhi. Baadaye akarudishwa Buganda kwa mashua ya mfanyabiashara Charles Stokes, na Wakristo waliokuwa wamefukuzwa wakakusanyika nyuma yake. Yule aliyekuwa mateka wetu akarudi kuwa bendera ya wapinzani wetu.

Na hayo hayakuwa ya Magu peke yake. Kalema mwenyewe, kwa kuhofia kiti chake, aliwaua watu wengi wa ukoo wa kifalme. Hatuwafichi watoto jambo hilo. Dhulma ni dhulma, hata mwenye kuitenda akiwa ni mwenye kuswali.

Je, “lau” ni haramu?

Sasa turudi kwa mzee wetu, kwani aliyoyasema yana asili. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametukataza, tunapofikwa na msiba, kusema lau ningefanya kadhaa ingekuwa kadhaa. Ametufundisha tuseme kwamba Allah amekadiria na atakalo hulitenda, kwa kuwa lau hufungua amali ya shetani. Lakini hadithi hiyo hiyo hutangulia kutuamrisha kukifanyia pupa chenye manufaa, kuomba msaada kwa Allah na kutokuwa wanyonge. Mwenye kushika sehemu ya mwisho na kuiacha ya mwanzo ameibeba nusu.

Ndiyo maana wanazuoni wakatofautisha. Lau ya majuto, yenye kuipinga Kadari, ndiyo iliyokatazwa. Ama lau ya kufundisha, yenyewe imo katika Qur’ani, na Mtume (s.a.w.) aliitumia katika Hijja ya Kuaga alipowaeleza masahaba kwamba lau angelijua mapema aliyoyajua baadaye, asingekuja na wanyama wa kuchinja.

Mfano ulio wazi zaidi ni Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Katika Surat Aal Imran, Allah (s.w.) anawakemea waliosema kwamba lau wangesikilizwa wasingeuawa pale. Lakini katika sura hiyo hiyo anaeleza kwa nini yalitokea yaliyotokea: waligombana na kuasi amri baada ya kuonyeshwa walichokipenda, na akawaambia kwamba msiba ule umetoka kwao wenyewe. Manung’uniko yakafungiwa mlango, na mazingatio yakafunguliwa.

Basi mtoto anayeuliza kwa nini tulishindwa asiambiwe anyamaze. Aambiwe kwamba Allah hakutuonea. Kwamba kushindwa kuna sababu, na baadhi ya sababu zilitoka mikononi mwetu, nazo ni kufarakana, dhulma, na kumdhalilisha mgeni. Aambiwe pia kwamba mchezo una kasoro moja kubwa: humo dini ni hesabu ya alama, na anayepoteza miji yake yote amekwisha.

Dini ya Allah haikwenda hivyo. Kalema alipoteza kiti, lakini Waislamu wa Buganda hawakutoweka. Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, aliwaongoza hadi kufariki kwake mwaka 1921. Mwanawe, Badru Kakungulu, alitoa ardhi katika kilima cha Kibuli, na hadi leo adhana inasikika kutoka kilima hicho. Wala hapa kwetu Kibara Uislamu haukuhitaji kiti cha mfalme ili adhana iadhiniwe.

Tuliyokubaliana

Jambo hili lilifika katika kikao cha kamati. Wapo waliotaka michezo hiyo ipigwe marufuku kwa watoto wa madrasa, na hoja yao haikuwa dhaifu: siku mbili Magharibi ilikuwa imewapita watoto wakiwa mbele ya kioo. Baada ya mashauriano tulikubaliana mambo matatu, nasi tunayapendekeza kwa kila familia.

Kwanza, adhana ikiadhiniwa kompyuta ifungwe, bila ya kusubiri zamu imalizike. Pili, mzazi akae na mtoto japo mara moja kwa wiki, amuulize: katika haya uliyoyaona, lipi lilitokea kweli, lipi halikutokea, na kwa nini? Mzazi asiyejua aseme hajui, kisha waulize wote wawili. Tatu, kila Jumamosi baada ya Alasiri madrasa itakuwa na nusu saa ya historia ya Uislamu wa Afrika Mashariki, pwani na ziwa, na kila kisa kifuatwe na funzo la kutenda.

Jumamosi ya kwanza tulisimulia habari za Magu. Mzee wetu alikuja, akakaa nyuma. Tulipomaliza, yule mtoto wa miaka 11 aliuliza: “Kwa hiyo, ustadhi, wangemkirimu tu?” Kabla hatujajibu, mzee akasema: “Hatusemi lau, mwanangu. Tunasema, mgeni akija kesho tutamkirimu.”

Tunamuomba Allah (s.w.) awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi subira ya kuwasikiliza kabla ya kuwanyamazisha. Amin.

Wallahu a’alam.