Ufundi wa Viwandani Mwanza: Chuo Kinapokuwa Jirani na Kiwanda

Ujuzi wa viwandani katika ukanda wa Ziwa Victoria umejengwa zaidi na masharti ya soko kuliko na mipango ya vyuo, na ushahidi ulio wazi kabisa ni sekta ya sangara. Viwanda vya minofu vilipoenea Mwanza na Musoma katika miaka ya 1990, kazi nyingi zilikuwa za kisu na nguvu za mikono. Lakini Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hilo mwishoni mwa mwaka 1997 kwa hofu ya kipindupindu, na tena mwaka 1999 kutokana na madai ya uvuvi wa sumu, wenye viwanda walilazimika kushika kwa dhati mfumo wa HACCP, yaani utaratibu wa kubaini hatari zinazoweza kuingia katika chakula, kuteua hatua za uzalishaji ambamo hatari hizo huzuilika, na kuweka kumbukumbu ya kila kipimo. Tangu hapo kiwanda cha samaki kikawahitaji mkaguzi wa ubora, mpimaji wa vijidudu, fundi umeme, na fundi majokofu anayehakikisha kwamba mnofu uliogandishwa unabaki katika nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Kampasi ya Nyegezi, Mwanza, ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), pamoja na maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyopo hukohuko, zimeupa mji huu neema isiyopatikana kwingi nchini, kwani chuo, maabara na kiwanda vipo karibu kiasi kwamba mwanafunzi huvifikia vyote kwa daladala.

Ngozi ina historia ngumu zaidi. Mikoa inayoizunguka Mwanza ina ng'ombe wengi sana, ilhali viwanda vya umma vya kusindika ngozi vilivyokuwa Mwanza, Moshi na Morogoro vilidhoofika na hatimaye vikabinafsishwa, huku chuo cha teknolojia ya ngozi cha Mwanza kikabaki, na leo ni kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), ambayo kupitia mradi wa ujuzi wa EASTRIP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia iliteuliwa kuwa kituo cha umahiri cha kanda ya Afrika Mashariki. Uteuzi huo unastahili, kwa sababu usindikaji wa ngozi ni kemia kabla ya kuwa ushonaji: ngozi huloweshwa, hutolewa manyoya kwa chokaa, kisha huzungushwa katika pipa kubwa lenye chumvi za kromu, ambazo hushikamana na nyuzi za protini na kuizuia ngozi isioze, na maji machafu yanayobaki hayana budi kusafishwa kabla ya kulifikia ziwa. Mambo hayo hayafundishiki ubaoni. Mhitimu asiyepata kiwanda cha kufanyia mazoezi huondoka na cheti kinachozungumzia mashine ambazo hajazizoea.

Kwa upande wa metali pia, kazi ndiyo inayodai ujuzi: meli ya MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, iliundwa Mwanza Kusini chini ya mkandarasi kutoka Korea Kusini, na kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa Mwanza mwaka 2021 kinahitaji watu wa vipimo vya usafi wa hadi asilimia 99.99.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa uanagenzi, ambapo kijana hugawa muda wake kati ya karakana ya chuo na kiwanda chenyewe, na pia huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani. Njia hizi mbili ndizo zinazostahili fedha zaidi. Waajiri binafsi wenye watumishi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Ingekuwa haki kiwanda cha Nyakato au kwingineko Mwanza kinachompokea mwanagenzi, kikamwekea fundi wa kumsimamia na kumruhusu aguse mtambo wa thamani kubwa, kirudishiwe sehemu ya tozo hiyo kwa kila mwanagenzi anayefaulu.