Annecy: kabla ya kusherehekea ziwa lao, walilisafisha kwanza

Kwa kawaida, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, mji wa Annecy, mashariki mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Uswisi, unafanya sikukuu ya ziwa lake. Wazazi wanafika mapema na watoto, blanketi na chakula mkononi, wakitafuta nafasi nzuri ukingoni. Wenye uwezo wanalipia viti vya mbele. Wengine wanaangalia bure, kutoka barabarani au juu ya milima inayozunguka ziwa. Giza likiingia, fataki za rangi zinarushwa kutoka katikati ya maji, muziki ukipigwa, kwa zaidi ya saa moja.

Sikukuu hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1860, jimbo la Savoie, ambamo Annecy inapatikana, liliingia rasmi katika Ufaransa. Mwezi wa nane mwaka huo, mfalme Napoleon III na mke wake Eugénie walitembelea mji huo. Ili kuwapokea, wakaaji walitayarisha sherehe ya usiku juu ya ziwa, mitumbwi ikipambwa kwa taa. Sherehe ya leo inatokana na usiku ule.

Maji ndiyo uhai wa Annecy. Mto Thiou unatoka ziwani na kupita katikati ya nyumba za zamani, ukigawanyika katika mifereji. Zamani, nguvu ya maji hayo ilizungusha mashine za kusaga nafaka na za viwanda. Katikati ya mto kuna nyumba ya mawe, Palais de l'Isle, ambayo iliwahi kuwa mahakama na gereza. Leo watalii wanapiga picha mbele yake, na watoto wanatupia bata macho kutoka juu ya madaraja.

Lakini kuna sehemu ya historia ambayo wageni wengi hawaijui. Kabla ya miaka ya 1960, ziwa hilo lilikuwa katika hatari. Maji machafu ya nyumba na hoteli yalikuwa yanamwagwa humo moja kwa moja. Daktari mmoja wa mji huo, Paul-Louis Servettaz, alipaza sauti kwamba ziwa linakufa. Wengi hawakuona haraka yoyote, kwani kwa macho maji yalionekana bado mazuri.

Mwaka 1957, komuni nane za kando ya ziwa zilikubaliana kuunda chama kimoja cha kulilinda. Wakachimba na kutandika mabomba kuzunguka ziwa, ili maji machafu yote yakusanywe na kupelekwa kwenye kituo cha kuyasafisha, mbali na ziwa. Kazi hiyo ilidumu miaka mingi na ilikula pesa nyingi za walipa kodi, kwa kitu kinachofichwa chini ya ardhi ambacho hakuna mtu anayekipigia makofi. Leo ziwa la Annecy linahesabiwa kati ya maziwa safi zaidi ya Ulaya, na wakaaji wanakunywa maji yake.

Msomaji wa Bukavu au Goma atasema: Annecy ni Annecy, Kivu ni Kivu. Ni kweli. Ziwa la Annecy lina karibu kilomita mraba 27, Ziwa Kivu karibu 2,700, ni kusema mara mia moja zaidi. Tena Kivu ni ya nchi mbili, Congo na Rwanda. Na kwetu, amani yenyewe ni kazi ya kwanza.

Hata hivyo, shida tunaifahamu. Mvua ikinyesha Bukavu, mto Kawa na mifereji ya milimani inashusha chupa na mifuko hadi ziwani. Uchafu huo unasukumwa polepole hadi ziwa linapotokea mto Ruzizi, na kuziba njia ya maji ya kituo cha umeme cha Ruzizi 1. Mitambo ikikwama, nyumba zinabaki gizani. Chupa iliyotupwa asubuhi Kadutu inaweza kumzimia taa yule yule aliyeitupa.

Sheria haikosekani. Mwisho wa mwaka 2017, serikali ya Congo ilitia sahihi amri ya kukataza mifuko na vifungashio vya plastiki. Sokoni, mama muuza sambaza bado anafunga samaki wake katika mfuko huo huo, kwa sababu hajapata kitu kingine cha bei yake. Amri peke yake haitoshi. Komuni za Annecy zilitandika mabomba na kuyalipia pamoja.

Kivu haikosi sababu za kusherehekea: rasi za Bukavu zinazoingia ziwani kama vidole, nyimbo za wavuvi wa sambaza usiku, taa zao zikimetameta hadi upande wa Idjwi. Kiangazi chetu pia kinaangukia mwezi wa nane, watoto wakiwa likizoni. Mwanzo unaweza kuwa mdogo: mtaa mmoja, mfereji mmoja, mahali pamoja pa kutupa taka panapoondolewa kila juma. Siku mzazi atakapomwacha mtoto aoge ziwani bila woga wa chupa wala kinyesi, sikukuu itakuwa imeanza, hata bila fataki.