Tusiwafunze wanafunzi kuficha dosari kwa rangi

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo hutuonya tusihadaike na sura ya nje. Hata hivyo, fundi yeyote aliyewahi kupaka rangi kitu kidogo anajua kwamba baina ya kipande cha mti na urembo wa nje kuna kitu cha tatu ambacho methali haikukitaja. Kitu hicho ni rangi ya msingi, ile ambayo mafundi wetu huiita praima au andakoti. Ningependa kuizungumzia leo, hasa kwa walimu na wanafunzi wanaounda modeli za nyumba, madaraja, magari na ndege kama sehemu ya masomo yao.

Nimezuru maonyesho mengi ya kazi za wanafunzi, na jambo moja hujirudia. Modeli iliyong'aa asubuhi huwa imeanza kubanduka rangi pembeni ifikapo alasiri, baada ya kushikwashikwa na wageni. Maandishi ya katoni ya sabuni huchungulia chini ya ukuta uliokusudiwa kuwa mweupe. Si kwamba wanafunzi hawa ni wavivu. Ni kwamba hawakufunzwa kuwa kazi ya kupaka rangi huanza kabla ya rangi yenyewe.

Tuangalie sababu zake. Plastiki na chuma ni vitu laini visivyofyonza, kwa hiyo rangi hukosa pa kushika. Aidha, plastiki iliyotoka katika kalibu huweza kubaki na utando wa mafuta, ndiyo maana yafaa ioshwe kwa maji na sabuni kisha ikaushwe kwanza. Mbao na katoni zina tatizo la kinyume: hufyonza kupita kiasi, na rangi ikazama mahali pamoja na kubaki juu mahali pengine. Rangi ya msingi husuluhisha yote mawili. Hushikamana na kitu chenyewe, na wakati huo huo huipa rangi ya juu uso ulio sawa wa kukamata. Fauka ya hayo, hufanya sehemu zote ziwe za rangi moja. Msingi mweupe huzifanya nyekundu na njano zing'are. Msingi mweusi huacha vivuli katika mashimo na mikunjo.

Hapa pana hesabu ambayo mwalimu wa hisabati angeweza kuifurahia. Modeli ya nyumba iliyoundwa kwa kipimo cha 1:100 ina dirisha la milimita 12 badala ya mita 1.2. Mwanafunzi akimimina rangi nzito hadi ikafikia unene wa nusu milimita, ni sawa na kuipaka nyumba halisi rangi yenye unene wa sentimita 5! Hakuna fremu wala kizingiti kitakachosalimika. Kwa hiyo, rangi ya msingi sharti iwe nyepesi, ipakwe kwa tabaka jembamba moja au mawili, na kila tabaka liachwe likauke. Anayedhani kwamba andakoti ni kisingizio cha kuongeza unene hajaielewa kazi yake, kwani juu ya msingi mzuri rangi kidogo tu hutosha.

Lakini faida ambayo mimi huithamini kuliko zote ni nyingine. Rangi ya msingi ya kijivu hufichua. Ukiipaka modeli iliyoonekana safi, ghafla utauona mshono ambao haukupigwa msasa, alama ya kidole iliyoachwa na gundi, na mkwaruzo uliojificha. Ni mkaguzi asiye na upendeleo, naye huja wakati ambapo kosa lingali linaweza kurekebishwa. Rangi ya kung'aa ikishapakwa, fursa hiyo huwa imepita.

Maarifa haya si mageni barani mwetu. Mwaka wa 1920, watafiti wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York wakiongozwa na Herbert Winlock waligundua modeli 24 za mbao katika kaburi la Meketre, afisa mkuu wa Misri ya kale, karibu na mji wa Luxor. Miongoni mwazo mlikuwa na ghala la nafaka, zizi la ng'ombe, karakana ya maseremala na mashua. Mafundi wa Misri walikuwa na desturi ya kuzipaka mbao lipu laini nyeupe kabla ya kuzitia rangi. Miaka takriban 4,000 imepita, na rangi za modeli hizo zingali zinaonekana.

Najua wapo watakaosema kwamba shule zetu hazina fedha za praima. Hoja hiyo ina uzito, ila haifungi mjadala. Kwa mbao na katoni, rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyozimuliwa kidogo, ikapigwa msasa laini baada ya kukauka, hufanya kazi vyema. Katoni ipakwe pande zote mbili ili isipinde. Plastiki nyeupe ya povu ifungiwayo televisheni isipulizwe rangi ya mkebe moja kwa moja, kwani viyeyushi vilivyomo huila. Ibandikwe karatasi kwa gundi nyeupe kwanza. Na penye rangi ya kupuliza, kazi ifanyiwe nje penye hewa, chini ya uangalizi wa mwalimu.

Kwa maoni yangu, uhaba mkubwa zaidi ni wa alama wala si wa fedha. Tunamtuza mwanafunzi kwa kile kinachong'aa siku ya maonyesho, kisha tunashangaa anapojifunza kung'arisha tu. Mtaala wa umilisi unataka tupime anachoweza kutenda mwanafunzi, na kutenda kuna hatua. Basi mwalimu na aagize kila modeli iletwe darasani mara mbili: kwanza ikiwa na rangi ya msingi pekee, dosari zake zote zikiwa hadharani, na baadaye ikiwa imekamilika. Alama zigawanywe baina ya hatua hizo mbili. Mwanafunzi aliyeuona mshono wake na kuupiga msasa astahili kusifiwa sawa na yule mwenye mkono mwepesi wa brashi.

Zaidi ya hayo, mzazi aliyezoea kumfanyia mwanawe kazi usiku wa kuamkia maonyesho atapata taabu, maana msingi hauharakishwi. Mwanafunzi atakayezoea kuzitazama dosari zake mapema, mbele ya mwalimu asiyemkemea, hatakuwa na haja ya kuzifunika.