Bingwa aliyesomea kwenye kanda za video

Pambano lenyewe halifiki dakika tano. Ni Februari 5, 2005, mjini Las Vegas, na linalogombewa ni taji la uzito wa kati la UFC, shirika la Marekani la mapigano huru; taji hilo lilikuwa halina mwenyewe tangu 2002. Mapema kabisa David Terrell, mwenye mkanda mweusi wa jujitsu kutoka kwa Cesar Gracie, mwalimu wa ukoo wa Gracie, anamnasa mpinzani wake kwa kabali ya mbele. Ukiitazama unaona imekaa. Aliyenaswa, Evan Tanner, hapigi mkono kusalimu amri. Anavumilia, anachomoka, anampanda Terrell na kumshushia ngumi hadi mwamuzi anaingilia kati.

Kilichonifanya nirudi kulitazama tena na tena ni jambo nililolisoma baadaye. Tanner alijifunza kabali kwa kutazama kanda za mafunzo za ukoo huohuo wa Gracie. Usiku ule mtu aliyesomea kwenye kanda alikuwa ameshikwa shingo na mtu aliyesomea miguuni pa walimu wenyewe, na yeye wa kanda ndiye aliyetoka na ubingwa.

Hebu tufikirie maana ya kujifunza kabali kwa njia hiyo. Sisi tuliokulia jirani na mabanda ya video tuliiga mateke ya Bruce Lee uani, na yakaishia huko huko uani. Kabali haiigiki kirahisi hivyo. Chukua kabali ya nyuma. Kwa macho ni mkono tu uliozungushwa shingoni, kumbe kazi yote inafanyika pasipoonekana. Kiwiko kinatakiwa kikae chini ya kidevu, msuli wa mkono ubane upande mmoja wa shingo na kigasha kibane upande wa pili, ili damu iendayo kichwani ipungue na koo lenyewe lisiguswe. Kiganja cha pili kinajificha kisogoni. Ukikosea kidogo tu, unambana mtu taya. Ataumia, lakini hatalegea.

Mwalimu aliye mbele yako angekushika mkono akausogeza kidogo, mambo yakaisha. Kanda haikuoni. Haijui kama umekosea wala haikupongezi ukipatia. Unairudisha nyuma, unaisimamisha, unaikodolea macho picha inayotetemeka. Kisha unamwomba rafiki akupe shingo yake, unajaribu, unamuuliza amehisi nini, unarudi tena kwenye televisheni. Ni elimu ya mtu asiyeona haya kuitwa mwanafunzi, hata pale ambapo hakuna mwalimu wa kumwona.

Tanner alikuwa mtoto wa Amarillo, Texas. Mieleka aliianza sekondari, tena kwa kuchelewa, na bado alitwaa ubingwa wa jimbo mara mbili. Chuo alikiacha, akaizunguka Marekani akifanya kibarua hiki na kile. Mwaka 1997 marafiki walimshawishi ajaribu mashindano ya mapigano huru ya palepale Amarillo, akaibuka mshindi. Mwaka uliofuata alikwenda Japani akashinda mashindano ya chipukizi ya Pancrase, shirika la mapigano la huko. Januari 1999, katika UFC 18, akamkuta Darrel Gholar, mwanamieleka mzoefu, na akammaliza kwa kabali ya nyuma.

Hizo zilikuwa siku ngumu kwa mchezo huo. Seneta John McCain alikuwa amefanya kampeni upigwe marufuku, na kampuni nyingi za televisheni zilikuwa zimeufungia mlango. Aliyeingia ulingoni wakati ule hakuwa anafuata utajiri. Tanner mwenyewe alilieleza hilo katika maandishi yake, maana alikuwa mwandishi wa kweli, aliyeweka moyo wake hadharani kwenye intaneti. Alisema utotoni hakuwahi kuota kuwa mpiganaji. Alijiona mtu wa mashairi, wa fikra, wa safari. Aliamini kwamba mtu mmoja anaweza kuigeuza dunia, na hilo alilirudia hadi likawa wito wake.

Ubingwa haukukaa. Juni 2005 Rich Franklin alimpiga hadi daktari akalisimamisha pambano raundi ya nne. Mwaka 2006, baada ya ushindi mmoja, alitoweka ulingoni kwa karibu miaka miwili. Pombe ilimshika, na hilo nalo aliliandika waziwazi, bila kumsingizia mtu. Aliporejea Machi 2008, goti la Yushin Okami lilimlaza chini. Juni mwaka huohuo alipoteza kwa pointi mbele ya Kendall Grove, majaji wakigawanyika.

Katikati ya Agosti 2008 aliandika kwamba anajiandaa kwenda jangwani, ndani sana, mahali ambapo kifaa kikiharibika kinaweza kumgharimu maisha. Alisema anasoma na kuchunguza kila anachoweza kuhusu huko aendako. Wanahabari wa mchezo wakalivuta neno lile, wakaandika kana kwamba anakwenda kuutafuta mwisho wake. Siku chache baadaye akawajibu kwa upole: watu wengi wa kusini mwa California huenda jangwani kupiga kambi na kuendesha pikipiki; naye anakwenda na vifaa kamili, kufurahi tu.

Mwanzoni mwa Septemba alikwenda jangwani, eneo la Palo Verde. Pikipiki ikaishiwa mafuta. Akawajulisha marafiki kwamba anarudi kambini kwa miguu. Joto lilipita nyuzi 45 za Selsiasi. Mwili wake ulionekana kutoka kwenye helikopta Septemba 8. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Wapo wanaosema tabia ya kujifundisha mwenyewe ndiyo iliyomwua, kwamba aliyezoea kushinda bila mwalimu alidhani hata jangwa litamfunza polepole. Naielewa hoja hiyo na ninaikataa. Aliyejifunza kwenye kanda ni mtu aliyezoea kukosea na kurudia, na jangwa halina kurudia. Basi kwa nini mtu aliyejiandaa kwa wiki nzima nzima aishiwe mafuta? Na mchezo uliomvika taji mwaka 2005 ulimdai nini, au ulidaiwa nini naye, alipokuwa anapigana na chupa? Filamu ya kumbukumbu yake, *Once I Was a Champion*, ilitoka 2011, na maswali hayo bado yanauma.

Mimi nachagua kumkumbuka kwa kazi ile ya kujifunza kwa kanda, iliyofanywa kabla ya mataa na makamera. Historia ya mchezo huu inazitaja koo kubwa na mabingwa. Haiwataji wale marafiki waliomkopesha Tanner shingo zao, wakakabwa vibaya jioni nyingi ili siku moja akabe sawasawa. Hao ndio walikuwa walimu wake, hata kama wenyewe hawakuijua kabali. Ningependa kumpata mmoja wao nimuulize jambo moja tu: ulijua siku gani kwamba mkono ule sasa umejua, na kwamba safari hii unapiga sakafu kwa sababu huna njia nyingine?