Mafuta ya Goti Hayatoki Chunguni

Wiki iliyopita nimeulizwa mara nne. "Daktari, magoti yangu yamekauka mafuta. Nile bamia ngapi kwa siku?" Aliyeuliza wa mwisho alikuja na chupa yake mkononi: maji, vipande vya bamia vilivyolala humo usiku kucha, na ute unaovutika kama uzi. Anakunywa glasi moja kila alfajiri, huu mwezi wa tano. Katika miezi hiyo ameacha kwenda sokoni kwa miguu, ameacha ngazi, anaswali kwenye kiti, na hata maji ya kunywa anatumwa mjukuu. Anayatunza mafuta yasiishe. Sina hasira naye. Hasira yangu ni kwa kila aliyemfundisha hivyo, maana alipoanza bamia alikuwa anatembea vizuri kuliko sasa.

Goti halina tangi la mafuta. Ndani ya goti zima la mtu mwenye afya kuna majimaji kidogo ambayo kwa kawaida hayajazi hata kijiko cha chai. Hutengenezwa na utando laini uliokizunguka kiungo kwa ndani, kwa kijana na kwa mzee, kila siku. Na ugonjwa wa goti kusagika unapochachamaa, majimaji hayo mara nyingi huongezeka. Ule uvimbe mnaouona juu ya goti ndiyo yenyewe. Nimewahi kuwapima watu walioniapia kwamba goti limekauka, kumbe limejaa hadi halikunjiki.

Ute wa bamia na ute wa goti vimefanana kwa kuteleza, basi. Wa bamia ni nyuzinyuzi za mmea. Ukiumeza unapita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, kisha bakteria wa utumbo mpana wanauchachusha, na kinachobaki kinatoka chooni. Hakuna mfereji kutoka utumboni hadi gotini. Supu ya makongoro nayo ni hivyo hivyo: ule mnato wake ni protini, na tumbo huikatakata vipande vidogo kama linavyofanya kwa maharage, kisha mwili huvipeleka unapotaka wenyewe. Kuleni bamia, ni mboga nzuri na inalainisha choo. Supu mnywe pia, ila mwenye presha aangalie chumvi. Msiviite dawa ya magoti. Na mlio wa goti si ishara ya kukauka mafuta: likilia bila kuuma wala kuvimba, liacheni lilie.

Madhara ya bamia si bamia yenyewe. Madhara ni ile hesabu inayoambatana nayo, kwamba goti ni kama tairi, kila hatua inalipunguza, kwa hiyo mzee akae. Gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Linakula kama sifongo: ukilikandamiza majimaji yanatoka, ukiliachia yanaingia yakiwa na chakula. Unayekaa kwenye kochi tangu asubuhi hadi adhuhuri, gegedu lako limeshinda njaa.

Misuli nayo haingojei. Baada ya miaka 30 mwili hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Lakini hairudi? Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, waliwafundisha kunyanyua uzito kwa miguu wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi kwenye makao ya wazee, umri wao ukikaribia au kupita miaka 90. Tisa walimaliza wiki 8, na nguvu za miguu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Sasa wewe wa miaka 62 usiniambie umri umekwenda.

Bibi mmoja niliyemhudumia alikuna nazi kwenye kibao cha mbuzi maisha yake yote. Wanawe, kwa mapenzi, wakamnunulia mashine. Baada ya mwaka hakuweza kuinuka kitini bila kushika meza. Tulianza na kiti cha kulia chakula, tukashuka kwenye stuli. Nilimwomba akae polepole huku akihesabu hadi tano, avute pumzi, asikilize uzito umeangukia mguu gani, kisigino au vidole. Siku ya kwanza, akifika tatu, alijiangusha. Kila mara ni pale pale kwenye tatu, na goti la kulia likiukwepa mzigo. Yeye mwenyewe hakuwa anajua. Mwezi wa nne alikalia kibao chake na kuinuka bila kushika kitu.

Ukifanya haraka, kasi inakubeba na sehemu dhaifu inajificha. Ukifanya polepole kwa umakini, misuli inabeba njia nzima na ubongo unajifunza upya mguu uko wapi. Hicho ndicho kiini cha tai chi, mazoezi ya polepole ya Wachina. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Oregon wa watu 670 wenye miaka 70 na zaidi waliokuwa hatarini kuanguka: waliofanya mazoezi ya tai chi walianguka pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliojinyoosha tu.

Basi fanyeni hivi. Kaa na kuinuka kitini polepole mara kumi, asubuhi na jioni. Simama mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta huku chai inachemka. Tembea hadi zifike dakika 150 kwa wiki, zigawe utakavyo. Ukimpata mwalimu wa tai chi au yoga anayejua wazee, nenda. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake si kitu. Yakizidi, punguza, usiache. Mwenye kilo nyingi apunguze chache. Ukiacha mwezi mzima, nguvu inashuka, kwa hiyo panga kufanya mwakani pia, na miaka kumi ijayo. Lakini goti lililovimba ghafla, lenye joto, pamoja na homa, au lililokataa kubeba mwili baada ya kuanguka, usilifanyie zoezi lolote: nenda hospitali siku hiyo hiyo.