Kiongozi wa Safari ni Mwenye Amana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa nchi kavu na bahari, aliyewawekea waja wake nyota na njia ili wasipotee. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia kazi ambayo familia nyingi za Kiislamu hazijaipa uzito wake, nayo ni kazi ya kuwaongoza wageni safarini, hasa katika safari zinazovuka mipaka ya nchi. Tumewakusudia zaidi vijana wa Kasulu na Kibondo. Wao ni majirani wa Burundi, na lugha yao ya Kiha husikilizana na Kirundi bila ya mkalimani. Hifadhi ya Gombe yenye sokwe iko mkoani mwao. Vilevile liko ardhioevu la Malagarasi na Muyovozi, ambalo mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini Tanzania kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya mkataba wa Ramsar. Wapo wageni wanaotamani kuzipita nchi hizi kwa miguu au kwa baiskeli, na wageni hao wanahitaji mtu wa kuwatangulia.

Hata hivyo, kijana anapoleta habari nyumbani kwamba anaitaka kazi hiyo, baba huuliza kama hiyo ni kazi au ni kuzurura. Mama naye huhofia pombe, kupotea kwa sala, na mwanawe kuandamana na watu asiowajua. Hofu hizo zina msingi, wala hatuzipuuzi. Lakini si haki kuihukumu kazi kabla ya kuijua asili yake, thamani yake na masharti yake.

Dalili wa Hijra

Mwaka 622, Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) walipoazimia kuhama Makka kwenda Madina, walimkodi mtu wa kuwaonyesha njia. Mtu huyo ni Abdullah bin Urayqit, wa ukoo wa Bani Dil. Wakati huo hakuwa Mwislamu, bali alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Pamoja na hayo walimwamini kwa sababu ya mambo mawili, ujuzi wake wa jangwa na uaminifu wake. Walimkabidhi ngamia wao, wakaagana naye awafuate katika pango la Thawr baada ya siku tatu.

Tuzingatie hali ilivyokuwa. Makureshi walikuwa wametangaza zawadi ya ngamia 100 kwa atakayemleta Mtume, akiwa hai au maiti. Dalili yule alijua pango lilipo, siku ya kuondoka na njia itakayofuatwa. Neno moja tu kutoka kinywani mwake lingemtajirisha yeye na kizazi chake. Hakulisema neno hilo. Siku ya ahadi ilipowadia alifika na ngamia, akawapitisha upande wa pwani, mbali na njia iliyozoeleka, hadi wakafika salama.

Hapa tunapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba anayefuata hana silaha mbele ya anayemwongoza. Haijui njia, hivyo kilichobaki mikononi mwake ni uaminifu wa mwenzake tu. La pili ni kwamba Mtume mwenyewe, aliyekuja kuwaongoza watu wote, hakuona dhila kuongozwa jangwani na aliyelijua zaidi. Kujua mahali ujuzi wako unapokoma, na kumtafuta anayejua kuliko wewe, ni sehemu ya uongozi.

Kirangozi katika nchi ya Waha

Kazi hii si ngeni katika ardhi yetu. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora ilitanguliwa na mtu aliyeitwa kirangozi. Yeye ndiye aliyeshika bendera, na aliyejua visima, vivuko na desturi za kila mtawala. Hatuna budi kusema kweli kwamba misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na pia watumwa. Ujuzi wa njia ulitumika katika biashara ya halali na katika dhuluma. Ndiyo maana hatuusifu ujuzi peke yake, bali tunauliza pia unawapeleka watu wapi.

Aliyesifika sana katika kazi hiyo ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Myao, akakamatwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India. Baada ya kupata uhuru wake alirudi Afrika Mashariki. Mwaka 1857 aliandamana na Burton na Speke hadi Ziwa Tanganyika, na kwa kuwa Speke alikijua Kihindustani, Bombay akawa ulimi wake mbele ya wenyeji. Baadaye alisafiri tena na Speke, kisha Stanley, kisha Cameron, ambaye alilivuka bara hili kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola katika miaka ya 1873 hadi 1875. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ilimtunuku nishani ya fedha na kumpa malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885. Mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa akawa ndiye anayetegemewa na waliodai kulivumbua bara.

Lakini hata msafara aliokuwemo Bombay ulifika mahali ukashindwa. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita katika nchi ya Waha. Watawala wa Uha walidai hongo, neno ambalo zama hizo halikuwa na maana ya rushwa kama leo, bali lilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Alilipa, akadaiwa tena mbele, kisha akaambiwa kwamba wapo wakubwa wengine wanaomngoja. Mzigo wa nguo ulikuwa ukimalizika. Hapo ujuzi wa Bombay, pamoja na miaka yake yote ya safari, haukutosha. Ilibidi akodiwe mtu wa pale pale, aliyevijua vichaka vya Uha, akautoa msafara usiku wa manane kwa kificho hadi nje ya nchi hiyo. Hatusemi kwamba kukwepa ushuru wa wenyewe ni jambo la kuigwa. Tunachosema ni kwamba anayeijua njia ndefu humhitaji anayekijua kijia kifupi.

Jambo hilo lilijirudia Gombe. Jane Goodall, aliyefariki dunia Oktoba 2025, alipowasili huko mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, hakuingia msituni peke yake. Miongoni mwa waliofuatana naye siku zile za mwanzo alikuwamo mwenyeji aitwaye Rashidi Kikwale. Ulimwengu unalijua jina la mtafiti, lakini wachache wanalijua la aliyemwonyesha vijia.

Masharti ya kazi hii leo

Mtu asidhani kwamba kuongoza safari ni kutangulia mbele na kutabasamu. Tuchukue mfano wa kundi la waendesha baiskeli linalotoka Kasulu na kuingia Burundi kupitia Manyovu. Kiongozi lazima ahakikishe kila mmoja ana pasipoti, ruhusa ya kuingia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Lazima ajue kwamba ile viza moja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, iliyoanza mwaka 2014, haimfungulii mgeni mlango wa Tanzania. Akishavuka mpaka, lazima alihamishe kundi zima upande wa pili wa barabara, kwa kuwa Tanzania hupita kushoto na Burundi hupita kulia. Asipokumbuka hilo katika kona ya kwanza, anaweza kurudi na maiti.

Saa nayo hubadilika. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kwa kiongozi Mwislamu hili lina maana zaidi ya miadi ya hoteli, kwani jua ni lile lile ilhali saa ya mkononi imerudi nyuma. Asipokuwa mwangalifu, wakati wa Alasiri unaweza kumpita akidhani bado ungalipo. Dini yetu imemhurumia msafiri kwa kumruhusu kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, kwa masharti yake. Kijana na amuulize sheikh wake hukumu za safari kabla ya kuondoka, asingoje kutatizwa njiani. Kuhusu pombe, apatane na mwajiri mapema na kwa adabu juu ya lile analoliweza na lile asiloliweza. Linalosemwa mapema huheshimiwa, na linalosemwa katikati ya safari huleta ugomvi.

Liko pia sharti la sheria. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mwongoza watalii nchini Tanzania awe na leseni, na kazi hiyo imehifadhiwa kwa raia. Mtanzania akienda kwa jirani naye awe tayari kuheshimu sheria za huko, na kumkabidhi mgeni wake kwa mwenyeji anapolazimika. Asione haya kufanya hivyo. Tumeona kwamba waliomtangulia walifanya hivyo.

Neno zito kuliko yote katika kazi hii ni neno "turudi". Kwenye Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, mgeni aliyelipa fedha nyingi na kungoja miaka huweza kushikwa na ugonjwa wa kimo hatua chache kabla ya kilele. Atabembeleza, atakasirika, pengine ataahidi zawadi. Kiongozi mwenye kujipendekeza humwacha aendelee, lakini mwenye amana humteremsha. Huyo wa pili huenda akakosa bahashishi, lakini roho ya mtu imesalimika.

Amana hiyo si kwa wageni peke yao. Wapo wapagazi nyuma ya kila safari. Wapagazi wa zamani walibeba takriban kilo 30 kila mmoja. Siku hizi kanuni ya Kilimanjaro imeweka kikomo cha kilo 20, lakini kanuni isiyosimamiwa na kiongozi mwenye kumcha Mungu hubaki maandishi. Uislamu umetufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake bila ya kuuchelewesha. Atakayekula nyama na wageni huku wapagazi wake wakilala na njaa, huyo amefanya hiana hata akisali sala zote tano.

Waongozaji wa uongo

Tukitahadharishe pia kizazi chetu na sura nyingine ya kazi hii. Mikoa ya mpakani inawajua watu wanaojiita waongozaji, ilhali kazi yao ni kuwavusha wenzao kwa njia za panya, au kuwaahidi mabinti kazi nzuri ng'ambo na kuwakabidhi kwa wasiowajua. Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008 kwa sababu ya watu wa namna hiyo. Alama yao haifichiki. Kiongozi wa kweli hukwambia mnakwenda wapi, kwa gharama gani, na nani atawapokea, naye hukuachia hati zako mkononi. Mwongo huuficha mwisho wa safari, kisha huichukua pasipoti yako "akutunzie".

Ndugu mzazi, kijana wako akiitamani kazi hii, usimkatishe tamaa wala usimwachie hivi hivi. Muulize kama ameijifunza kikamilifu, pamoja na huduma ya kwanza na lugha za anaowaongoza. Muulize atafanya nini siku asipoijua njia. Akijibu kwamba atasema wazi na kumtafuta anayejua, mwombee dua umruhusu. Akijibu kwamba hilo haliwezi kumtokea, mzuie kwanza akajifunze.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza amana, tuwapo mbele na tuwapo nyuma, na awarudishe wasafiri wote kwa watu wao wakiwa salama. Amin.